Moyo wa Ottmar na Kijiko cha Chokaa

Ukitaka Lioba Dürrnagel aanze kujisifu huna haja ya kumchokoza. Msalimie tu. Atakwambia kwamba mikono yake hii miwili imeshika mioyo mingi kuliko padri yeyote wa mji wa Würzburg, na tofauti ni kwamba yeye ameiona kwa ndani. Wala hasemi uongo. Tangu alipokuwa msichana mwenye kiuno (kiuno kilishahama siku nyingi, hakuna ajuaye kilikohamia) amekuwa fundi wa maabara katika ile nyumba ya wachunguzi wa moyo kule kilimani. Mtu akitolewa moyo uliochoka ili apewe mwingine, au daktari akimkata kipande tu, kile kitu kinapelekwa kwa Lioba ndani ya kikombe chenye barafu. Anakikatakata, anakiosha, anakilainisha kwa dawa katika maji yenye joto la mwili, mpaka seli zinaachana moja moja, kila moja ingali hai, kila moja ikiweza kupiga peke yake.

"Ni kama kuchambua kuku aliyechemshwa," husema, "ila kuku wangu bado anatembea."

Sasa mwanamke wa namna hiyo, anayejua mioyo ya nusu ya mkoa wa Frankonia, ameolewa na mwanamume ambaye moyo wake ulianza kumgomea.

Ottmar Dürrnagel ni mkulima wa mizabibu, wa chini kidogo ya mji, pale ambapo vilima vimeegemea mto Main na jiwe la chokaa limechomoza kwenye udongo kama mbavu za punda mzee. Jitu refu, mikono mipana, masikio mekundu. Kijijini hakuna aliyewahi kumwona akikaa kitini mpaka mlo uishe. Anamega mkate, anasimama. Anakunywa supu, anakwenda kuangalia mapipa. Siku ya harusi yake alitoweka kabla ya keki, wakamkuta ghalani anabana pete za chuma za pipa akiwa na suti yake. Mtu huyo ndiye aliyeanza kuvimba miguu. Pumzi ikawa inakata kwenye ngazi, akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na akiamka ana rangi ya mshumaa. Madaktari wakampima, wakatikisa vichwa, wakasema mambo waziwazi: moyo umepanuka na kulegea, dawa zimefika mwisho wake, awekewe pampu kifuani ya kuusaidia. Asipowekewa, mavuno yajayo huenda yakamkuta hayupo.

"Pampu?" Ottmar alisema wakiwa garini kurudi nyumbani. "Nina pampu mbili ghalani na zote zinavuja. Ya tatu ya nini?"

"Ya kukuweka hai, mzee wewe."

"Mtu akifanyiwa kazi na mashine, yeye anafanya nini? Anakaa?"

"Ndiyo. Anakaa."

"Basi huyo mtu si mimi."

Akageuza uso dirishani, akaanza kuhesabu mizabibu ya wenzake ambayo haijapogolewa vizuri. Lioba alijua mlango umefungwa. Alijaribu kwa upole, alijaribu kwa ukali, alimtuma binti yao Gundula ajaribu kwa machozi. Jibu lilikuwa lile lile: msimu ukianza moyo utachangamka wenyewe, wamwache.

Wiki chache zikapita, na jambo la ajabu likaanza. Ottmar akawa anabeua.

Sizungumzii ule mbeuo wa mtu aliyeshiba, anayeuziba kwa kiganja na kuomba radhi. Huu ulitoka chini kabisa, ukapanda ngazi zote, ukafungua mlango kwa teke. Alibeua asubuhi baada ya kahawa, akabeua kwenye simu na mtu wa benki, na Jumapili moja akabeua kanisani, wakati ule watu wote wamepiga magoti na hata watoto wamenyamaza. Sauti ikazunguka chini ya dari na kurudi. Kilian Hußlein, jirani yao ambaye shamba lake limepakana na lao na mdomo wake hauna mpaka, akainama kutoka benchi la nyuma.

"Ottmar, umemeza chura, au chura ndiye amekumeza?"

"Nyamaza, usali."

"Nasali. Namwombea chura."

Tena kulikuwa na hilo jingine ambalo kwa heshima halizungumzwi mezani, ila Lioba aliligundua kwa sababu mzee alikuwa anaingia chooni na gazeti la leo na kutoka likiwa la jana. Akaanza kuwaza dawa za hospitali. Akawaza figo, akawaza ini, akawaza mambo mabaya zaidi.

Jumatatu alishuka ghalani kuchukua viazi. Pembeni ya mapipa, pale panapowekwa vifaa vya mvinyo, aliona mfuko wa chokaa umefunguliwa. Ni ile chokaa nyeupe laini ambayo kila mkulima hapa kwetu anayo, ya kutia kwenye mvinyo kuulainisha, mwaka ambao jua limekuwa bahili na zabibu zimetoka na ukali wa kukunja uso. Mwaka uliopita jua halikuwa bahili. Mfuko haukuwa na sababu ya kuwa wazi. Na ndani ya mfuko kilikuwa kimechomekwa kijiko cha fedha cha kahawa, kimojawapo cha vile alivyoachiwa na marehemu mama yake, ambavyo hata Krismasi havitoki kabatini bila ruhusa.

"Ottmaaar!"

Akashuka taratibu, akishika ukuta, anahema.

"Hiki nini?"

"Kijiko."

"Naona ni kijiko! Kinafanya nini humu?"

Ottmar akaangalia mapipa kana kwamba yangemtetea. Kisha akabeua, na huo ndio ukawa ushahidi.

"Nani kakwambia ule chokaa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Miaka yote unarudi nyumbani na hadithi ile ile. Moyo uliochoka, ghala lake la kalsiamu liko nusu tupu. Nusu tupu, nusu tupu, mpaka masikio yananiuma. Sasa mimi nikiona pipa liko nusu tupu nafanya nini? Najaza. Na chokaa ni kalsiamu, hilo lilikutoka wewe mwenyewe. Kijiko kimoja kwenye kahawa asubuhi, kimoja jioni."

Lioba akakichomoa kijiko, akakipangusa kwa sketi.

"Kaa juu ya hilo sanduku," alisema. "Kaa, nimekwambia! Nitakueleza kwa lugha ya mapipa, maana nyingine huijui. Ndani ya kila seli ya moyo wako kuna ghala kama hili. Kila pigo, bomba la pipa linafunguliwa, kalsiamu inamwagika kwa vibarua, na vibarua wakiipata wanavuta kamba. Moyo unakaza. Umenielewa?"

"Mpaka hapo naelewa."

"Ili walegeze kamba, lazima kalsiamu iondoke. Kuna wapagazi kazi yao ni hiyo tu, kuizoa na kuirudisha pipani, upesi, kabla ya pigo lingine. Hao ni protini, wengi ajabu katika moyo wenye afya. Moyo ukichoka, wapagazi wanapungua. Waliobaki wana msimamizi aliyewashika mashati, wasikimbie. Bomba nalo linavuja hata likiwa limefungwa. Na kule mlango wa nyuma, wale wanaoitupa kalsiamu nje barabarani ndio wameongezeka. Ndiyo maana pipa liko nusu. Sasa wewe unasimama barabarani na kijiko cha mama yangu, unamwaga chokaa zaidi mlangoni! Nani ataiingiza ndani? Chokaa yako inaishia tumboni, inapigana na asidi, inatoa povu, na povu linatokea kanisani!"

Ottmar akaufunga mdomo wa mfuko.

"Si mwongeze wapagazi."

"Daktari Harms, bosi wangu, anahangaika na hilo tangu nimjue. Hajafika."

"Basi na mimi siamini habari za wapagazi. Mvinyo nauamini nikiuonja. Nionyeshe."

Katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajawahi kukanyaga maabara. Kwa hiyo Lioba hakubishana. Alimpigia daktari wa Ottmar kumweleza habari za chokaa (yule bwana alicheka kwanza, kisha akakasirika, akasema zile dawa anazomeza hazitaki mzaha wa namna hiyo), akauficha mfuko kwa Kilian, na siku ambayo kipande cha moyo kilikuwa kimefika, akampakia mumewe garini akiwa na koti la kanisani.

Daktari Wiebke Harms, mkuu wa maabara, ni mwanamke mwembamba wa pwani ya kaskazini kabisa, anayekunywa chai. Hilo tu lilitosha kumtia Ottmar wasiwasi.

"Daktari, unaishi katikati ya mizabibu na unakunywa majani?"

"Bwana Dürrnagel, nasikia wewe unakunywa mawe. Karibu."

Ottmar akacheka mpaka akashika ubavu. Walimweka mbele ya hadubini yenye kioo kama cha televisheni. Chumba kilikuwa na giza kidogo. Kwenye kioo ililala seli moja, ndefu, yenye mistari mistari kama kitambaa cha suruali. Walikuwa wameitia rangi inayowaka inapokutana na kalsiamu. Umeme mdogo ukapita. Seli ikawaka, ikajikunja. Halafu mwanga ukashuka. Ukashuka polepole, polepole, kama mzee anayeketi kwenye benchi huku akilipapasa kwanza. Kabla haujafika chini, umeme mwingine ukapita.

"Ni ya nani?" Ottmar akauliza kwa sauti ya chini.

"Hatujui," alisema Daktari Harms. "Inakuja na namba tu. Ni ya mtu ambaye moyo wake umechoka."

"Na hizo cheche zinazomulika hapo katikati, wakati imetulia?"

"Hapo ndipo bomba linapovuja," Lioba akamjibu.

Ottmar alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mtu aliyelala maisha yake yote karibu na mapipa anajua kinachovuja akikiona.

"Iongezeni kalsiamu," alisema.

Lioba na Daktari Harms wakatazamana.

"Una hakika?"

"Iongezeni. Nione."

Lioba akabadilisha maji, akaweka yenye kalsiamu nyingi. Seli ikachangamka. Ikawaka sana, ikajikunja kwa nguvu, na Ottmar akampiga mkewe kikumbo cha ushindi. Lakini mwanga haukuwa ukishuka tena. Ulibaki juu, ukaanza kutembea ndani ya seli kama mawimbi yanayogongana, seli ikatetemeka, ikajikunja isikunjuke, ikajifinya pande zote mbili, mpaka kile kitambaa kizuri kikawa kidonge cheusi, kama zabibu iliyosahauliwa mtini.



"Umeiua," alisema Ottmar.

"Wewe umeiua, mzee. Kwa kijiko."

Ottmar akabeua. Polepole safari hii, kama anayeomba radhi.

Daktari Harms akasogeza kioo mpaka kwenye seli nyingine ya mtu yule yule. "Tazama na hii," alisema, akazungusha kitufe, na umeme ukawa unapita kwa haraka. Seli ikawa inahangaika: mwanga haujashuka, imeshaamshwa, inajikunja kidogo tu, kila mara kidogo zaidi. Kisha akakirudisha kitufe nyuma. Umeme ukawa unakuja kwa nafasi. Mwanga ukashuka mpaka chini kabisa, seli ikanyooka yote, ikatulia. Na pigo lililofuata likawa kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

"Rudia," alisema Ottmar.

Akarudia. Haraka: ikafifia. Taratibu: ikapata nguvu.

"Kumbe siyo mvivu."

"Siyo mvivu hata kidogo," alisema Daktari Harms. "Kukaza bado inaweza. Shida yake kubwa ni kulegeza. Moyo wenye afya ukihimizwa, unaongeza nguvu. Huu umezidi kuchoka kwa sababu haupewi nafasi ya kumaliza kupumzika."

Lioba alifungua mdomo, na aliyokuwa anataka kusema tungeweza kuyakisia sote. Lakini alimwangalia mumewe, yule mtu wa kuondoka kabla ya keki, jinsi mwanga wa kioo ulivyomkaa usoni, akaufunga. Kwa Lioba hilo ni tendo la kishujaa, na liandikwe.

"Hiyo pampu yenu," alisema Ottmar hatimaye. "Inawarudisha wapagazi?"

"Inabeba mzigo, moyo unapata kupumua. Kwa wengine wapagazi wanaongezeka tena kidogo. Kwa wengine hapana. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

"Ina kelele?"

"Inanguruma kidogo sana. Ukiweka sikio."

Ottmar akasimama, akafunga koti. Kwenye ngazi za nje alipumzika mara mbili, na mara ya pili akakaa kabisa, juu ya jiwe, mbele za watu.

"Kilabu nani atakifungua mwezi wa kumi?" aliuliza. Kila vuli familia ya Dürrnagel hutundika matawi mabichi juu ya lango, na wiki chache watu wanakuja kunywa uani kwao.

"Gundula."

"Gundula anamimina mpaka ukingoni."

"Basi wageni watafurahi."

Akafikiri. "Waambie hao wapasuaji mimi nakubali. Ila waniulize tena kesho, nisije nikasingizia nilikuwa na njaa."

Kesho yake alikubali tena, baada ya chai. Kahawa ilikuwa imemtoka moyoni kwa muda.

Wapasuaji wakiweka pampu ile, hutoboa ncha ya moyo ili bomba lipite, na kile kipande kidogo cha duara kinachotoka hakitupwi. Ottmar aliulizwa kama watu wa maabara wanaweza kukichukua. Alisema wachukue, ila wasije wakamrudishia cha mtu mwingine.

Siku ya upasuaji, watu wote walidhani Lioba atakaa kwenye korido ya hospitali na rozari. Saa ya kazi ilipofika, akaingia maabara, akavaa koti jeupe.

"Bi Lioba, nenda kwa familia yako," alisema Daktari Harms. "Leo nitafanya mimi."

"Gundula yuko kule. Nikikaa koridoni nitawafundisha wauguzi kazi, watanifukuza. Niache hapa."

Kabla ya mchana kikombe kikaja. Kilikuwa na namba, kama vyote. Lakini pampu iliyowekwa siku ile katika jengo lile ilikuwa moja, na kila aliyekuwepo chumbani alijua, na kila mmoja akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Lioba alikichukua. Kilikuwa kidogo kuliko ganda la yai, chekundu kilichofifia, na mafuta kidogo pembeni. Alikikata kama anavyokata siku zote, upesi, kwa sababu kipande cha moyo hakimsubiri mtu alie kwanza. Maji, dawa, joto. Daktari Harms alisimama kando yake akimshikia chombo, kazi ambayo si yake. Seli zilipoachana, nyingi zilikuwa hai. Wakaziweka chini ya hadubini.

Mwanga ukapanda. Mwanga ukashuka, polepole, ukijikokota, na kabla haujafika chini ulionekana kama unataka kuinuka kwenda kuangalia kitu.

"Ee, nimekujua," alisema Lioba kwa Kifrankonia cha nyumbani, na akacheka huku pua inamtiririka.

Utaratibu wa kazi unasema baada ya hapo seli ziongezewe kalsiamu, kuona zinavumilia mpaka wapi. Daktari Harms akasogeza ile chupa. Lioba akaweka kiganja juu yake.

"Huyu alishakunywa yake," alisema.

Daktari Harms akarudisha chupa rafuni. Wakaziacha zile seli zipige taratibu, kwa nafasi, zishuke mpaka chini kila mara, mpaka simu ya Gundula ilipolia kusema baba ametoka salama na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amefunga mlango wa ghala.

Mwezi wa kumi matawi yakatundikwa langoni. Uani palijaa mpaka kwenye banda. Gundula alikuwa anamimina mvinyo mchanga, ule mweupe wa mawingu ambao bado unachemka kwenye jagi, na alimimina mpaka ukingoni. Kila meza ilikuwa na keki ya vitunguu na soseji za siki. Ottmar alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, begi la betri za pampu limening'inia begani kama la tarishi, glasi yake ndogo mbele yake, rangi imemrudi masikioni. Wapagazi wake kama wamerudi hakuna anayejua, lakini ngazi anapanda.

Kilian Hußlein alikuja na shemeji zake wawili kuwaonyesha ajabu ya kijiji. Kwa pampu ile damu haidundi, inatiririka tu, na mkononi hupapasi kitu.

"Mshikeni hapa kwenye kifundo cha mkono. Mnasikia? Hamsikii! Huyu kafa. Mwiteni padri."

"Padri yuko meza ya tatu," alisema Ottmar. "Mwongezeni soseji, ana kazi baadaye."

Wakacheka mpaka jagi likamwagika. Mvinyo ukatiririka mezani kuelekea kwenye begi, Lioba akalinyakua kwa wakati, akalining'iniza begani kwa mumewe upande wa pili, akafuta meza kwa aproni. Gundula alipita anakimbia na sahani nne. Ottmar alimfuata kwa macho, akaona pipa la kona linadondosha, tone, tone. Mguu wake mmoja ukajikaza chini ya meza. Lioba aliuona.

Kisha mguu ukalegea.

"Gundula!" Ottmar akaita. "Bomba la kona!" Akarudisha mgongo ukutani, akavuta sahani ya keki.

"Ottmar amekuwa mvivu siku hizi," Kilian akamnong'oneza Lioba.

"Ndiyo," alisema Lioba, na akaketi kando ya mumewe. "Na nimemsubiri sana."